Namna ya Kupima Kuridhika kwa Kasongo kwa Ngazi Tano

Hongera, umepata kazi. Mfadhili anataka kujua kama wakazi wa Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema, mashariki mwa Kongo, wameridhika na mradi wake, na anataka kujua kabla robo ya mwaka haijaisha. Maswali yameshaandikwa mjini. Wewe umeachiwa kazi inayoonekana ndogo: kupanga majibu ya kuchagua. Fuata hatua hizi na ripoti yako haitarudishwa.

Hatua ya 1: Azima ngazi za mwenzako bila kuuliza alizitumia wapi. Ngazi tano zinazopatikana kila mahali, kuanzia kukubali kabisa hadi kukataa kabisa, alizitangaza Rensis Likert, Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Columbia, mwaka 1932. Watu aliowapima walikuwa hasa wanafunzi wa vyuo vikuu. Walikuwa na karatasi mbele yao, wakasoma wenyewe na kuchagua kwa nafasi yao. Wako ni mama aliyesimama kwenye kinu cha sombe, mchi mkononi, mtoto mgongoni, anasomewa na kijana mwenye haraka. Tofauti hiyo isikunyime usingizi.

Hatua ya 2: Soma majibu yote kwa pumzi moja. Hivi: "Mama, katika miezi mitatu iliyopita, je, umeridhika sana, umeridhika, uko katikati, hujaridhika, au hujaridhika hata kidogo na huduma za kituo cha afya?" Ukifika la tano, la kwanza limeshapotea. Mama atasimamisha mchi, atakutazama kwa huruma, kisha atasema: "Tunashukuru, papa."

Hapo usibabaike. "Tunashukuru" iweke kwenye "umeridhika sana". "Tunavumilia tu" iweke katikati. "Mungu yupo" iandikie 99, yaani hajui, ingawa ndilo jibu alilolitoa kwa uhakika kuliko yote.

Jihadhari na wakorofi wanaouliza kwa awamu mbili. Kwanza: umeridhika au hujaridhika? Akishajibu: sana au kidogo? Kila mara mama anabeba maneno mawili tu kichwani, na mwishoni wanapata ngazi zilezile bila kumchosha. Lakini maswali mawili ni dakika mbili, na pikipiki ya kukodi haisubiri bure.

Hatua ya 3: Upande wa sifa upewe nafasi zaidi. Panga hivi: bora kabisa, nzuri sana, nzuri, ya kuridhisha, mbaya. Mwenye malalamiko ana mlango mmoja, mwenye shukrani ana minne. Ni mizani yenye kijiwe kilichogandishwa chini ya sahani: mnunuzi wa dhahabu huko Salamabila angeitambua mara moja, lakini mfadhili hataigeuza kuangalia chini.

Hatua ya 4: Katikati pawe stoo ya kila kitu. Uliza Kabambare, katika eneo la machimbo ambako watu wamewaona wenye bunduki wa kila aina: "Unawaamini kwa kiasi gani wanaolinda usalama hapa?" Uulizie uani, shefu akiwa kwenye kiti cha plastiki hatua tatu kutoka hapo, na vijana wawili wasiojulikana wameegemea ukuta. Utashangaa jinsi watu wanavyopenda katikati.

Sasa usije ukafanya kosa la kutenganisha "niko katikati", "sijui" na "nisingependa kujibu". Ni mambo matatu tofauti kabisa, na ukiyapa visanduku vitatu, hofu itaanza kuonekana kwenye jedwali. Yaweke pamoja kisha uandike: "Wananchi wana maoni ya wastani kuhusu usalama."

Hatua ya 5: Vaa kizibao chenye nembo ya shirika. Kasongo haijaanza jana kupokea wageni. Imemwona Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, na misafara yake, na mwaka 1893 ikatekwa na majeshi ya ofisa Mbelgiji Dhanis. Tangu wakati huo kila serikali imemtuma mtu mwenye kalamu. Watu wanajua kwamba kalamu huzaa orodha, na orodha ikibahatika huzaa jetoni ya kupokelea msaada.

Kwa hiyo ukiuliza shida ni kubwa kiasi gani, utaambiwa "kubwa sana". Ukiuliza msaada ulikuwa mzuri kiasi gani, utaambiwa "mzuri sana". Utadhani umepata majibu mawili yanayopingana. Ni jibu moja: rudini tena. Wewe liandike mara mbili, moja kwa ombi la fedha mpya, jingine kwa ripoti ya fedha zilizokwisha.

Hatua ya 6: Usihesabu chochote. Uliza: "Mnakosa chakula mara nyingi, mara chache, au nadra?" "Mara nyingi" ya mvuvi wa kando ya Lualaba si lazima ilingane na "mara nyingi" ya mchimbaji aliye mbali na shamba, na hapo ndipo utamu ulipo: hakuna atakayekusahihisha. Wenzako wa Programu ya Chakula Duniani wana tabia mbaya ya kuuliza katika siku saba zilizopita nyumba hiyo ilikula maharage siku ngapi, nyama siku ngapi, mafuta siku ngapi. Namba ya namna hiyo inaweza kulinganishwa na ya mwaka ujao. Nani anataka hivyo?

Vilevile, usimpe mtu punje kumi za karanga aziweke kwenye mafungu kuonyesha kiasi anachomaanisha. Asiyejua kusoma ataelewa swali, jirani ataona jibu, na watoto watakula data.

Hatua ya 7: Tafuta wastani, uweke desimali mbili. Kuridhika: 3.87. Hakuna anayebishana na 0.07.

Mwisho, onyo. Kuanzia 2007 mpango wa Tuungane, kwa fedha za Uingereza, uliendeshwa na mashirika ya IRC na CARE katika vijiji vya mashariki, Maniema ikiwemo. Vijiji vya kupata mradi vilichaguliwa kwa bahati nasibu, ili vingine vibaki vya kulinganisha. Watathmini, waliotoka Columbia ileile ya Likert, hawakutosheka na kuuliza watu kama wanaaminiana. Walivipelekea vijiji dola 1,000 kila kimoja, vya mradi na visivyo vya mradi, wakaangalia nani anaamua na fedha zinaishia wapi. Tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuonekana kwa urahisi. Ngazi tano zingewaepusha na aibu hiyo yote.

Na kabla yao kulikuwa na Mradi wa Kasongo, wa madaktari walioshirikiana na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp. Mwaka 1981 matokeo yao kuhusu chanjo ya surua yalitoka katika jarida la Lancet. Walifuata watoto wa miezi 7 hadi 35, waliochanjwa na wasiochanjwa, kwa kipimo chenye majibu mawili: yuko hai, au amefariki. Waliochanjwa walisalimika zaidi, lakini baada ya umri wa miezi 21 tofauti ikapungua, na wataalamu wakabishana kwa miaka: je, chanjo inaokoa, au inaahirisha tu?

Ukiwa na majibu mawili yasiyopindika, unajikuta ukilazimika kueleza ulichokiona. Kwa hiyo rudi kwenye tano zako, na shefu msogezee kiti karibu.