Barua ya Wazi kwa Mtukufu Sheikha Moza: Ombi la Mama Anayesoma Habari za Usonji kwa Kiarabu

Kwa Mtukufu Sheikha Moza bint Nasser,
Mwenyekiti wa Taasisi ya Qatar,
Doha.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Baada ya salamu, na baada ya kukuombea afya wewe na wote wa nyumbani kwako, natanguliza kukutaka radhi. Mimi ni mama wa kawaida hapa Maskati, Muomani ambaye wazee wake walitoka Unguja, na ndani ya nyumba yetu bado tunazungumza Kiswahili. Nimekuandikia kwa lugha hii kwa kuwa ndiyo niliyofunzwa adabu kwayo, nami nisingependa adabu inipungukie mbele yako.

Kabla ya ombi, niruhusu nitoe shukrani. Tarehe 18 Desemba 2007 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikubali pendekezo la Qatar, ambalo wewe mwenyewe ulilipigania, kwamba tarehe 2 Aprili ya kila mwaka iwe siku ya ulimwengu mzima kuzungumzia usonji. Sisi wazazi tunajua hali ilivyokuwa. Mtoto kama wangu alikuwa akifungiwa chumba cha ndani wageni wanapobisha hodi. Sasa wapo kina baba wanaosimama mbele ya watu wakasema, huyu mwanangu ana usonji, na wala sauti zao hazitetemeki. Mwenyezi Mungu akulipe kwa hilo.

Shukrani hiyo ndiyo inayonipa ujasiri wa kukuomba tena.

Bibi Mtukufu, daktari akishamwambia mzazi kuwa mtoto ana usonji, mzazi hurudi nyumbani, akasubiri watoto walale, kisha akafungua simu. Hapa kwetu hutafuta kwa Kiarabu. Nilichokikuta mimi humo, na wanachoendelea kunitumia wenzangu mpaka leo, kinatia huzuni. Wapo wanaoandika kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela ndiyo iliyomharibu mtoto. Makala iliyoanzisha uvumi huo Uingereza mwaka 1998 ilihusu watoto 12 tu, na jarida lililoichapisha, The Lancet, liliifuta mwaka 2010. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kufuatilia watoto zaidi ya 650,000, wasione uhusiano wowote kati ya chanjo hiyo na usonji. Habari ya uvumi imefika katika Kiarabu na kukita mizizi. Habari ya kufutwa kwake ni ya kutafutwa kwa taa.

Wapo pia wanaomlaumu mama, kwamba hakumkumbatia mwanawe vya kutosha. Fikra hiyo wataalamu waliiacha miongo mingi iliyopita, lakini mama anayeisoma usiku, mume kalala pembeni, anaipokea kama hukumu iliyotolewa leo asubuhi. Wengine wanasema ni simu na televisheni tu, zizime na mtoto atapona. Halafu wanafuata wauzaji: maziwa ya ngamia, hijama ya kuondoa usonji, chumba cha oksijeni ya shinikizo, dawa za kutoa madini mazito mwilini. Hizi za mwisho si mchezo. Mwaka 2005 huko Pennsylvania, Marekani, mtoto wa miaka mitano alifariki alipokuwa akitiwa dawa ya namna hiyo. Na kuna majimaji yenye klorini ambayo wazazi huambiwa wawanyweshe watoto. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeonya mara kadhaa kwamba kuyanywa ni sawa na kunywa dawa ya kung'arishia nguo.

Najua uongo huu upo hata kwa Kiingereza. Lakini msomaji wa Kiingereza akigeuka hatua mbili tu anakutana na maelezo ya kweli, yenye jina la mwandishi na tarehe, yaliyoandikwa kwa lugha ambayo mama wa kawaida anaielewa. Kwa Kiarabu hatua hizo ni nyingi mno. Hata elimu inayotuhusu sisi wenyewe tunaipata kwa Kiingereza. Mwaka 2011 watafiti wa hapa Oman walichapisha hesabu iliyoonyesha watoto wenye usonji wapatao 1.4 katika kila 10,000. Hesabu iliyotoka mwaka 2019 ilionyesha zaidi ya 20 katika kila 10,000. Mimi naamini watoto ni wale wale, ila macho yamefunguka na vipimo vimeenea. Mama wa Nizwa ambaye mwanawe yumo ndani ya hesabu hiyo hawezi kuisoma.

Na hapa naomba uniwie radhi zaidi, maana nagusa jambo la moyoni. Kwetu sisi Waswahili, huku Oman na kule Zanzibar, Lamu na Mombasa, Kiarabu ndiyo lugha ya dini. Karatasi yenye maandishi ya Kiarabu ikianguka chini tunaiokota, hata kama hatujui imeandikwa nini. Basi ujumbe wa kuuza dawa ukija kwa Kiarabu, juu yake pakatangulizwa aya, nani atathubutu kuuhoji? Wifi yangu aliye Unguja hupelekewa jumbe hizo na jamaa wa Maskati, humpa mwalimu wa chuo cha Kurani amfasirie, naye mwalimu hufasiri kwa uaminifu kabisa kilichoandikwa. Nimeona pesa za karo zikienda huko. Sipingi dua, mwanangu namsomea kila usiku. Ninachopinga ni mtu kujificha nyuma ya Kitabu cha Mungu ili auze chupa.

Ombi langu, Bibi Mtukufu, ni mahali pamoja pa kuaminika kwa Kiarabu, panapolindwa na jina la taasisi yako. Kila maelezo yawe na mambo manne ambayo madaktari wa Marekani waliyataja tangu mwaka 1997 katika jarida lao: nani kaandika, kayatoa wapi, lini, na nani kalipia. Hilo la nani kalipia naliomba kwa mkazo, maana ndilo linaloumbua wauzaji.

Vitu vizuri vipo, vimezikwa tu. Dodoso la M-CHAT, la kuwapima watoto wa miezi 16 hadi 30, lilishafasiriwa kwa Kiarabu na kujaribiwa katika nchi kadhaa za Kiarabu. Kwa nini lisiwe la kwanza mzazi kuliona? Na mzazi aliyechanganyikiwa haandiki Kiarabu cha vitabuni. Huandika kama anavyosema na mama yake: mtoto hanitazami, mtoto hasemi. Chuo Kikuu cha Hamad Bin Khalifa, kilicho chini ya taasisi yako, kina wataalamu wa kompyuta waliozifanyia kazi lahaja za Kiarabu, na kina wafasiri waliosomea. Wakikaa pamoja na madaktari, na pamoja na watu wazima wenye usonji ambao wanaweza kusema wenyewe yaliyowasaidia na yaliyowaumiza, naamini kazi hii itawezekana. Nakuomba pia isiwe ya msimu wa Aprili. Iwe na wa kuitazama mwaka mzima, kwa kuwa elimu hii hubadilika.

Nina dogo la kuongeza, ukinivumilia. Maandishi hayo yakipatikana, tunaomba idhini ya kuyafasiri kwa Kiswahili. Wapo kina mama hapa Maskati na jamaa zao Unguja na Mombasa walio tayari kuifanya kazi hiyo bila malipo, nasi tutakuleteeni kila ukurasa muuhakiki kabla haujamfikia mtu.

Wako kwa taadhima na dua,
Mama wa mtoto mwenye usonji,
Maskati.