Saa Moja Sebuleni, Miaka Saba Jikoni

Nyumbani kwetu Tabata kuna vyama viwili ambavyo msajili hajawahi kuviona. Kimoja ni cha mama mkwe wangu, na ilani yake ni wali wa nazi. Cha pili ni cha mume wangu, na ilani yake ni sinema za vyombo vya angani, maroboti na sayari ambazo mtu akizishukia anakuta maji hadi magotini. Mimi niliolewa katika vyote viwili, kwa hiyo kazi yangu ni kupatanisha na kuosha vyombo.

Mama anaishi Pangani. Akija kututazama, kiroba cha nazi hushuka kabla yake, begani mwa utingo. Mchele hununua hapa mjini, na lazima uwe wa Kyela. Muuza duka akimwambia, “Huu ndio wenyewe, mama,” yeye huchota kiganjani, akaupumulia, akaunusa, kisha akamkazia macho yule kijana mpaka aseme mwenyewe kwamba umechanganywa. Nimeona wauza duka watatu wa mtaa wetu wakijificha nyuma ya magunia.

Wali wake una hatua, na kila hatua ina mlinzi. Mchele hupepetwa kwenye ungo, chenga zikatengwa, mawe yakaondolewa. Nazi hukunwa kwa mbuzi. Zile mashine za sokoni anasema tui lake lina ladha ya mashine. Tui jepesi hutangulia sufuriani pamoja na chumvi, likichemka mchele unafuata, na maji yakikaribia kukauka kasimele, lile tui zito, humwagwa juu na mwiko ukapita mara moja tu. Hapo hupunguza moto, akabakisha makaa machache chini na mengine akayapandisha juu ya mfuniko. Kuanzia kupalia, hafunui tena. Anasikiliza. Sufuria yenye maji huguguma. Maji yakipungua sauti inakuwa nyembamba. Yakikwisha huanza kutatarika, na hivyo ndivyo ukoko unavyojijenga. Dakika hiyo ndiyo ya kuepua. Kabla yake wali una kiini, baada yake umepata moshi, na aliyeukoroga katikati amepika bokoboko na ajitafutie wa kumlia.

Mume wangu alilelewa na mama huyuhuyu, ila malezi ya pili aliyapata kwenye banda la video, alikokuwa akipeleka chenji za mkaa. Huko ndiko alikofundishwa kwamba steringi hafi, kwamba adui huponzwa na maneno mengi kabla ya kufyatua risasi, na kwamba sinema isiyo na mtu wa kuitafsiri ni nusu sinema. Kizazi chake kiliwajua mashujaa wa Marekani na Hong Kong kwa sauti ya mtafsiri wa sinema Lufufu, na ndiyo maana mpaka leo hawezi kutazama kimya. Mtu angani akifungua mlango, mume wangu anatangaza kwamba mlango umefunguliwa.

Ana hata ushahidi kwamba huko juu watu wa kwetu wameshafika. Katika Return of the Jedi, filamu ya mwaka 1983, rubani msaidizi wa Lando ni kiumbe mwenye mashavu yaliyoning'inia aitwaye Nien Nunb, na kiumbe huyo anazungumza Kikuyu. Sauti ilitoka kwa Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani. Tukipata mgeni wa kutoka Nyeri au Murang'a, hata kama kaja kwa msiba, lazima arudishiwe sehemu ile. Mgeni hucheka kwanza kwa adabu, halafu anatambua neno na kucheka kwa dhati, na mume wangu hutazama huku na huku kana kwamba ni yeye aliyempeleka Rotich studio.

Taabu ni kwamba wali na sinema vinadai kitu kilekile: mtu asiyebanduka. Mama hawezi kuitwa sebuleni wakati wa kupalia. Mwanawe hawezi kuitwa jikoni wakati chombo kinatua. Simu ya mkononi ingeweza kusimamisha sinema kwa kidole kimoja, lakini kwake kusimamisha sinema ni sawa na kumkatiza imamu. Matokeo yake mama alikuwa akisafiri kutoka Pangani kuja kumwona mwanawe, kisha akamwona mgongo.

Ndipo mume wangu akaja na boksi. Ndani yake mlikuwa na sufuria ya umeme ya kupikia wali, nyeupe, yenye taa mbili. Shemeji yangu, anayesoma fizikia chuo kikuu na anayekula kwetu kila mwisho wa wiki, ndiye aliyeitwa kuihubiri. Akaeleza kwamba Toshiba waliiuza sufuria ya namna hiyo kwa mara ya kwanza Desemba 1955, na kwamba aliyeisumbukia ni Yoshitada Minami, mtu mwenye kiwanda kidogo, huku mkewe Fumiko akipika wali kutwa kucha ili kuijaribu. (Katika kila hadithi ya uvumbuzi wa jikoni kuna mwanamke aliyepika sana na mwanamume anayetajwa kwanza, hilo nililiweka moyoni.) Zile za mwanzo zilikuwa sufuria mbili, moja ndani ya nyingine. Maji yakiwamo katika ile ya nje, joto halivuki nyuzi 100; yakikauka, joto hupanda ghafla, kibamba cha metali mbili kinajikunja, na umeme unakatika wenyewe.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa mapajani.

“Kwa hiyo inajua maji yamekwisha.”

“Inajua, mama.”

“Na mimi najua. Tena mimi sili luku.”

Lakini mume wangu hakushindwa. Jumapili jioni alilibeba lile dubwana hadi sebuleni na kulichomeka kwenye ekstensheni moja na televisheni, sabufa na feni, ili chakula kiive mbele ya macho ya familia. Mchele alipima kwa kikombe. Nazi hakutaka kusikia habari za tui la kwanza wala la pili. Alimimina lote kwa pamoja, kasimele na jepesi, akafunika, akabonyeza. Mama akanitazama. Kisha, kimyakimya, akatoka barazani na sufuria yake na jiko la mkaa. “Ya tahadhari,” aliniambia.

Sinema ilikuwa Interstellar ya Christopher Nolan, ya mwaka 2014, dakika 169. Mama alikaa pembeni ya kochi, nusu ndani nusu mlangoni, tayari kuondoka. Kilichomkamata kwanza ni sahani. Katika nyumba ya yule mkulima, Cooper, sahani mezani zimefudikizwa kwa sababu ya vumbi. “Hao wana adabu,” alisema mama, anayefudikiza hata vikombe visivyo na shida. Kisha ikatajwa kwamba ngano ilishakufa kwa ugonjwa na kwamba mavuno ya mwaka ule ndiyo ya mwisho ya bamia duniani. Imebaki mahindi tu. Hapo aliingia ndani mzima mzima na kukaa.

“Bamia zote?”

“Zote, mama.”

“Basi waende huko wanakokwenda.”

Mume wangu hajawahi kupata mtazamaji wa namna hiyo. Alitafsiri kwa sauti ya banda la video, akampa Cooper ushujaa wa ziada na maprofesa akawapa kikohozi. Mama alitoka mara chache, akatia mchele, akamwaga kasimele, na kila akirudi aliuliza kama steringi ameshaondoka. Alipopalia, wale watu angani walikuwa wanajiandaa kushuka kwenye sayari ya maji, iliyo karibu na shimo jeusi, ambako saa moja ni miaka saba ya duniani. Akasema ana dakika 20, atazame wakishuka tu.

Shemeji hakuweza kuacha hilo lipite. Akaeleza kwamba si uongo wa sinema: mshauri wao wa sayansi alikuwa Kip Thorne, ambaye mwaka 2017 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi nyingine ya mawimbi ya mvutano, na tangu mwaka 1915 Einstein alishaonyesha kwamba penye mvutano mkubwa wakati hutembea polepole. Akaongeza kwamba hata setilaiti zinazomwongoza bodaboda mpaka mlangoni petu zina saa zinazokimbia mbele ya saa za ardhini kwa sekunde milioni 38 hivi kila siku, na lazima zirekebishwe. Mume wangu akamnyamazisha: si sekunde milioni, ni *sehemu* 38 za milioni za sekunde. Shemeji akakubali kwa uchungu. Mama aliwaacha wamalize.

“Hilo halimtaki Einstein,” alisema. “Mtoto akija Dar es Salaam, siku moja yake ni mwaka wa mama yake.”

Hakuna aliyetafsiri kitu kwa muda kidogo.

Kisha Cooper akarudi chomboni na kukuta imepita miaka 23. Akafungua ujumbe wa video uliokusanyika: watoto wake wanakua mbele yake, mwana anaoa, binti ana umri ule aliokuwa nao baba alipoondoka. Mama alishika mtandio mdomoni. “Miaka 23! Wala hakupiga simu?” Mume wangu alieleza kwamba simu zilikuwa haziendi, mtandao ule ulikuwa wa upande mmoja tu. Mama hakuwa anaitazama tena televisheni. Alikuwa anamtazama yeye. Ikabidi mume wangu aanze kukohoa kikohozi alichowapa maprofesa.

Ndiyo maana hakuna aliyeiona sufuria ya umeme. Tui likichemka limefunikwa hufura, kila aliyepika maharage ya nazi anajua. Povu lilitokea kwenye tundu la mvuke, likashuka ubavuni, likapita juu ya zile taa mbili, likatiririka mezani na kuifikia ekstensheni. Tukasikia pa! Cooper akatoweka na machozi yake, feni ikasimama, nyumba nzima ikawa giza. Na katika giza lile, bila televisheni ya kutushughulisha, pua zetu zikaamka. Barazani kulikuwa kunaungua.

Sijawahi kumwona mama akikimbia, na sijui kama ule niuite mbio, maana alikuwa ananung'unika kila hatua. Mfuniko ulipofunuliwa kwa mwanga wa simu, wali wake ulikuwa umegawanyika tabaka: juu ulikuwa umechambuka na mweupe, katikati ulipata moshi, chini ulirudi kuwa mkaa kama ule uliokuwa umeupika. Wa sufuria ya umeme ulikuwa uji wa nazi wenye kiini, kitu ambacho mama alisema kwa miaka yake yote alidhani hakiwezekani. Tulikula tabaka la juu, kijiko kwa kijiko. Binti yetu Nasra, anayependa ukoko kuliko wali, alikwangua sufuria zote mbili huku bibi yake akimkumbusha kwamba anayekula sufuriani siku ya harusi yake mvua hunyesha. Kwa alivyokwangua usiku ule, mgeni wa harusi hiyo aje na mtumbwi.

Mume wangu alidhani mkasa umekwisha. Mama akadai mwisho wa sinema.

Mume wangu akausimulia barazani gizani, na watoto wa jirani wakaja kukaa ukutani. Alisimulia vizuri, mpaka alipofika mwisho, ambapo alimrudisha steringi nyumbani mapema, binti bado msichana, chakula mezani. Nadhani ilikuwa namna yake ya kuomba radhi. Lakini shemeji ni mtu wa sayansi. Akasema kwamba si hivyo. Cooper anamkuta binti yake kitandani, bibi kizee, amezungukwa na watoto na wajukuu, na baba bado kijana, na kwamba aliyeokoa watu ni huyo binti, kwa hesabu zake.

“Kumbe steringi ni mtoto,” alisema mama, “na ninyi mkanitazamisha baba.”

Fundi alikuja kesho yake, akauliza swali moja tu, nani alipika kwenye ekstensheni, na wanaume wote wa nyumba wakawa na kazi uani. Sufuria ya umeme ilipona. Sasa Nasra anaitumia kuchemshia mayai, nayo huzima yenyewe kama alivyotaka mvumbuzi.

Suluhu ililetwa na shemeji, kwa kutafuta sinema inayoingia ndani ya kupalia. Aliipata: Pumzi, ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, iliyoonyeshwa Sundance mwaka 2010. Ni dakika 20 na ushei. Mama alipandisha makaa juu ya mfuniko, akafuta mikono, akakaa, na mlango wa barazani tukauacha wazi ili masikio yake yabaki nje. Ni Afrika Mashariki miaka 35 baada ya vita vya maji. Watu wanaishi chini ya paa, wanasafisha hata jasho na mkojo wao ili wanywe, wanafanya mazoezi ili umeme upatikane, na kuota ndoto kunazuiwa kwa dawa. Mwanamke mmoja, Asha, anapata udongo wenye uhai, anaoteshea mbegu, anatoroka nayo jangwani na kuupanda mche, akiupa maji yake ya mwisho na kuukinga jua kwa nguo na mwili wake. Maneno ni machache mno. Mume wangu alikosa cha kutafsiri na alionekana kuumwa.

Mama hakutikisika mpaka mche ulipoingia ardhini.

“Saa saba mchana? Mche hupandwa alasiri.”

Shemeji alianza kueleza kwamba mti ule ni ishara, lakini sufuria ilianza kutatarika na mama alishainuka. Wali ule ulichambuka punje kwa punje. Hata mume wangu alikula bila kuhadithia. Mama alipomaliza aliniuliza ile ya bamia ina urefu gani, mwanangu. Nikamwambia dakika 169. Akahesabu kwa vidole, akaniagiza niloweke maharage usiku uleule, kesho tunaianza upya.