Kiti Kilichopandisha Mahari

Mshenga wetu alikuwa ndiyo kwanza anaanza kubisha idadi ya ng'ombe, kiti kikalia "ka!" naye akatoweka nyuma ya meza. Wakwe walitazama dari kwa adabu. Watoto waliokuwa wakichungulia dirishani hawakuwa na adabu hiyo. Alipoibuka na mguu wa kiti mkononi, hakukuwa tena na mtu wa kumwogopa, na ng'ombe wakaongezeka.

Mwenye nyumba alilaumu kiwanda. Mimi nalilaumu jua. Kiti kile kilishinda uani hapa Kasansa kiangazi chote, na jua la bonde la Rukwa halina mzaha. Kipindue uone: chini kuna pembetatu yenye namba 5, yaani polipropilini, plastiki iliyompa Giulio Natta wa Italia Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Ikiwa mpya ni shupavu: ukiikalia inanesa, ukiinuka inarudi. Lakini mionzi ya jua huikatakata minyororo mirefu ya molekuli zake. Ukiigonga utaiona ngumu vilevile, ila kunesa imesahau. Ikielemewa, inakatika bila hata kuaga.

Ugumu si ushupavu. Ushupavu hupimwa kwa nishati ambayo kitu hunyonya kabla hakijavunjika, na hapo bingwa wa kijiji ni dumu la njano la lita 20. Hilo ni namba 2, polithini nzito, iliyotokana na kazi ya Mjerumani Karl Ziegler mwaka 1953; naye aligawana Nobel ile ile na Natta. Dumu la jirani yangu huanguka kutoka kwenye keria ya baiskeli likiwa limejaa pomoni, likabonyea, likajibonyoa. Anayepelekwa zahanati ni mwenye baiskeli.

Kiti chetu nacho kilipelekwa kwa fundi. Alikitoboa kwa msumari wa moto, akakishona kwa waya kama gunia la mpunga. Kazi safi, isipokuwa kila tundu ni mlango wa ufa mpya. Sasa kimetengwa kwa ajili ya wageni wanaokuja kudai madeni.

Basi ukikaribishwa kiti uani, kwanza pitisha kiganja mgongoni mwake. Kikikuachia unga mweupe, omba mkeka. Na kama mnakwenda kwenye mahari, mshenga wenu mpandanishieni viti viwili.