Hakishiriki

Nilitoka nje ya kikao cha wazazi kupokea simu. Niliporudi nikakuta nimeshachaguliwa katibu wa kamati ya mahafali ya darasa la saba. Wenye akili huzima simu vikaoni.

Nilidhani kazi yenyewe ni kuandika majina ya waliochanga na ya wale wanaosema watachanga mwisho wa mwezi. Kumbe kulikuwa na kiporo cha mwaka jana. Mahafali yale yalirekodiwa, mzazi mmoja akaiweka video mtandaoni ili ndugu wa mikoani nao wafaidi. Siku ya pili sauti ikazimwa, eti nyimbo zilizopigwa zina wenyewe. Picha zikabaki. Mama yangu aliyeko Tukuyu akanipigia kwa hofu: "Mwanangu, hao watoto mbona wanatikisika kimya kimya? Wamepandisha?" Hotuba ya mgeni rasmi nayo ilimezwa, maana DJ aliacha mdundo chini kwa chini wakati mheshimiwa anaongea. Hilo halikulalamikiwa na mtu.

Basi mwaka huu, kwa kiherehere changu, nikaenda kusoma sheria. Nikarudi kikaoni na karatasi, nikasoma kwa sauti ya katibu: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

"Hakishiriki nini?" mweka hazina akauliza.

"Ni haki za..."

"Sawa, lakini ni kitu gani hicho ambacho hakishiriki? Kiti?"

Kikao kikacheka mpaka chai ikapoa, mimi nimesimama na karatasi yangu. Walipotulia nikaeleza kwamba hakimiliki ni ya aliyetunga maneno na mahadhi, na hakishiriki ni ya aliyeimba, aliyegharimia kurekodi na kituo cha utangazaji. Yaani ule wimbo mmoja wa kuingilia wahitimu, ambao DJ huurudia mara tatu kwa kuwa wahitimu wanatembea kama maharusi, una watu kadhaa nyuma yake. Mwalimu akitumia kazi ya mtu kufundishia darasani, sheria humlegezea kamba. Lakini hema, pilau na watu 300 uwanjani si darasa, hata ukisimamisha ubao katikati.

"Wimbo ukipigwa haupungui," mweka hazina akasema.

Hoja nzito hiyo, nakiri. Nikamgeukia Baba Mapacha, ambaye hutukodishia viti 300 kwa shilingi 500 kila kimoja. "Baba Mapacha, viti vyako navyo vikikaliwa havipungui. Tupe bure, jioni utavihesabu vyote."

Akanitazama kama nimemtukania ukoo. "Katibu, viti vyangu vina jina langu mgongoni."

Ni kweli, limeandikwa kwa rangi nyekundu. Katika picha za harusi yangu jina lake linasomeka kuliko langu. Nikaiangalia bajeti upya: 150,000 kwa viti, ambavyo ndivyo hasa visivyoshiriki. Haviimbi, havichezi, na baadhi havikaliki. Aliyetunga nyimbo zilizowavua bibi zetu viatu mwaka jana, sifuri.

Mzee mmoja akaja na ufumbuzi: tupige nyimbo za marehemu, hao hawadai. Nikamwambia, shikamoo mzee, kwetu hakimiliki hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Na watunzi wanaopendwa na watoto wetu ni vijana wa miaka 25 wanaokula vizuri. Mmoja wao akifikisha 80, wimbo wake utakuwa huru mwanangu akiwa na miaka 118. Mzee akaguna, akaomba maandazi yaongezwe.

Tukatafuta marehemu wa zamani zaidi. Tukampata Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, aliyetunga mahadhi ya Mungu Ibariki Afrika mwaka 1897, akafariki 1905. Huyo hadai mtu. Shida ni kwamba wimbo wake ukipigwa watu husimama wima, mikono chini. Sherehe nzima tusimame, na viti tumekodi?

Mwalimu wa awali akasema basi angalau tuwaimbie waliozaliwa mwezi huo Happy Birthday to You. Nao huo una kisa chake. Mahadhi yake yalitokana na wimbo uliochapishwa mwaka 1893 na dada wawili wa Kentucky, Marekani: Mildred Hill, mpiga piano, na Patty, mwalimu wa chekechea. Ulikuwa wa kuwasalimia watoto asubuhi darasani. Baadaye kampuni zikatoza ada miaka na miaka, mpaka 2015 jaji huko kwao aliposema kampuni iliyokuwa ikitoza haikuwa na haki juu ya maneno yale. Mwalimu wa awali, ambaye hutunga nyimbo mbili za herufi kila wiki, akaniuliza taratibu baada ya kikao anaandikishia wapi.

Mwishowe tukakubaliana: muziki wa DJ uombewe kibali, fedha zitoke fungu la mengineyo, na wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi utungwe na watoto wenyewe chini ya mwalimu wa muziki. Uwe wetu kabisa.

Jumatatu nikapita mazoezini. Watoto wakaanza, nami nikajikuta nafuatisha kabla hawajafika kwenye kiitikio. Ila mahali pa mgeni rasmi mimi nilikuwa naweka panya, mende na kunguni. Mahadhi yalikuwa ya yule kijana wa dawa anayepita mtaani kwetu na spika begani. Mwalimu wa muziki akaapa kuwa yalimjia usingizini. Sikumbishia. Kijana yule hupita saa kumi na moja alfajiri.

Alhamisi akapita tena, safari hii jioni, kando ya uzio wa shule, watoto wakiwa katikati ya wimbo. Akazima spika, akaegemea nguzo, akasikiliza mpaka ubeti wa mwisho. Halafu akamuuliza mlinzi ofisi ya mwalimu mkuu iko upande gani.