Sikio Halikuomba Msaada

Kila nyumba ninayoijua ina chombo chake cha kuchokolea masikio, na hakuna hata kimoja kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Mjomba wangu wa Mkuranga anatumia unyoya wa kuku, tena si kuku yeyote: lazima awe jogoo, na unyoya utoke kwenye bawa. Shangazi ana chupio lake la nywele. Dereva wa bodaboda wa kijiweni kwetu anatumia ufunguo wa pikipiki, wakati mwingine foleni ikiwa imesimama na abiria yuko nyuma anatazama. Mwalimu wa hesabu anatumia kifuniko cha kalamu, akimaliza anakirudisha kwenye kalamu, halafu kalamu anamwazima mwanafunzi. Mwenye uwezo ananunua vijiti vya pamba vya kwenye kopo la plastiki na kuwacheka wengine wote.

Mwangalie mtu anayechokoa sikio. Jicho moja linafumba, mdomo unapinda, kidole gumba cha mguu kinajikunja. Huyo hafanyi usafi, anastarehe. Ndiyo maana daktari akikataza hasikilizwi: anagombana na starehe ya bure ambayo haina hata kodi.

Tatizo ni kwamba sikio halikuomba msaada. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na nta inatengenezwa kwenye theluthi ya nje peke yake. Huko ndani zaidi hakuna kiwanda. Ngozi ya tundu hilo inakua ikielekea nje, polepole, ikibeba nta pamoja na vumbi lililonasa humo, na taya nazo zinasaidia kuisukuma kila unapotafuna au kusengenya. Ikifika mlangoni inakauka na kudondoka bila sherehe. Nta yenyewe ina kazi: inalainisha ngozi, ina uchachu kidogo unaowasumbua bakteria na kuvu, na mdudu akiingia anajuta.

Sasa anakuja bwana mwenye kijiti. Anaikuta nta njiani inaondoka zake, anaigeuza, anairudisha ilikotoka na kuishindilia. Kidogo inayobaki kwenye pamba anawaonyesha watu kama ushahidi. Mbele ya kijiti hicho kuna kiwambo cha sikio, ambacho unene wake ni takriban sehemu ya kumi ya milimita, na mtu amesimama mbele ya kioo akiwa na watoto wanaokimbizana nyuma yake. Vijiti hivyo vilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1920 na Leo Gerstenzang, ambaye inasimuliwa kuwa alimwona mkewe akizungushia pamba kwenye kijiti cha meno ili amsafishe mtoto. Leo boksi la Q-tips, chapa aliyoianzisha, linakuonya usiingize kijiti ndani ya tundu la sikio. Watu wanalifungua boksi, wanachukua kijiti, wanakiingiza ndani ya tundu la sikio.

Hata hivyo wapo ambao nta yao haitoki yenyewe. Wazee, wenye nywele nyingi masikioni, wanaovaa mashine za kusaidia kusikia, vijana wanaoshinda na spika masikioni, na sisi wenye matundu membamba. Mimi nimeyarithi upande wa baba, pamoja na kipara. Sikio la namna hii likiziba halibishi hodi. Unatoka kuoga, maji yameingia, nta imevimba, basi, sikio la kulia limefungwa. Unajisikia ukitafuna mihogo kichwani mwako mwenyewe, na binadamu wengine wote wanazungumza wakiwa kisimani.

Langu liliziba siku ya kikao cha harusi ya mtoto wa shemeji. Nilikaa upande ambao sikio la kulia ndilo lililomwelekea mwenyekiti wa kamati. Alisoma bajeti, nikaona midomo inacheza. Kisha akanigeukia, akatamka kitu kirefu kilichoishia na “ziki”. Mtu mzima aliyeziba sikio ana jibu moja tu la heshima: kutabasamu na kuitikia kwa kichwa. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Na mimi nikapiga makofi, nikiangaza huku na huku nimwone huyo muungwana aliyejitolea. Mama watoto peke yake ndiye hakupiga. Njiani alihamia upande wa sikio zima, akanieleza kwamba nimechukua gharama zote za muziki.

Habari zikaenea kwamba sina sikio, na kila mtu akageuka tabibu. Mjomba alipanda gari kutoka Mkuranga na unyoya wake kwenye mfuko wa shati. “Mpwa wangu, kaa hapa penye mwanga.” Unyoya ulipogusa tu, nikaanza kukohoa mpaka machozi yakanitoka. Kuna sababu: tawi la mshipa wa fahamu uitwao vegasi, unaohudumia pia koo, linafika kwenye tundu la sikio, na kwa baadhi yetu likiguswa kifua kinaitikia. Mjomba hakuwa na habari za vegasi. Aliona ushindi. “Umeona? Hata kikohozi kilikuwa kimejificha humo humo.”

Jirani, fundi magari, alishauri tupige maji ya friji kwa bomba, jinsi anavyozibua rejeta. Hapo nilimkatalia kwa adabu zote. Maji ya baridi sana au ya moto sana sikioni yanauchanganya mfumo wa mizani ulioko sikio la ndani, macho yanachezacheza na dunia inazunguka. Daktari Robert Bárány wa Vienna aliliona hilo kwa wagonjwa aliokuwa akiwaosha masikio, akalichunguza, na utafiti wake juu ya mfumo huo wa mizani ukampatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Yeye alipata Nobel. Mimi ningepata ngeu.

Shangazi alileta kitunguu saumu, nikakila. Akafuata kijana anayeuza mishumaa ya masikio, ile yenye tundu katikati. Unalala ubavu, mshumaa unachomekwa sikioni, unawashwa juu, na moshi, kwa maelezo yake, unanyonya uchafu wote. Ukizima anaufungua kwa chini akuonyeshe ungaunga wa njano. Nilimwomba awashe mmoja kwanza juu ya glasi tupu. Uliwaka, ukazimika, akaufungua: njano ile ile, kiasi kile kile. Glasi yetu haijawahi kuwa na masikio. Kijana alikusanya bidhaa zake akaenda nyumba ya pili. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imekwisha kuonya kuwa mishumaa hiyo inaunguza watu na inaweza kudondosha nta ya moto ndani ya sikio, yaani unaingia na nta ya aina moja unatoka na mbili.

Mwishowe mama watoto akanipeleka zahanati. Daktari alivuta sikio juu na nyuma, akachungulia kwa kitochi chake, akasema, “Lipo.” Akauliza kama linauma, kama limewahi kutoa usaha, kama kiwambo kimewahi kutoboka au sikio kufanyiwa upasuaji. Mwenye lolote kati ya hayo hatakiwi kutia kitu nyumbani. Mimi sikuwa nalo. Akaniandikia mafuta ya zeituni: matone mawili matatu, mara tatu kwa siku, siku tatu hadi tano, kisha nirudi.

Ni dawa rahisi lakini inataka nidhamu. Kichupa unakiweka mfukoni kwanza kipate joto la mwili. Unalala ubavu, sikio bovu juu, kitambaa chini ya shingo. Tone la kwanza linaingia kwa mlio wa “blup” unaousikia wewe peke yako, la pili linakosa njia na kukimbilia ndani ya kola. Halafu unatulia dakika tano hadi kumi bila kuinuka, na hapo ndipo nyumba nzima inakuhitaji. Simu inalia. Muuza mkaa anabisha hodi. Kitinda mimba wangu alikuja akapiga magoti, akanitazama kwa muda, akauliza kwa upole: “Baba, ukigeuka akili zitamwagika?” Nikamwambia zimebaki kidogo, nyingine zililipia muziki.

Kwa wengi mafuta hayo yanatosha. Nta inalainika na kutoka yenyewe ndani ya siku chache au wiki mbili hivi. Yangu ilikuwa na kiburi cha ukoo. Nilirudi, muuguzi akanipa bakuli la chuma nilishike chini ya sikio, akajaza bomba maji ya vuguvugu, joto la mwili, akayaelekeza kwenye ukuta wa tundu, si moja kwa moja kwenye kiwambo. “Baba, usitikisike.” Kikasikika kishindo cha bahari ya kusi, kisha kitu kikaanguka kwenye bakuli: kipande cheusi kama sukari guru, chenye umbo kamili la tundu langu. Nilimwomba nikione kwa karibu. Akaniambia kila mtu anaomba hivyo.

Dunia ikarudi kwa fujo. Feni ilikuwa inalia, kandambili za muuguzi zinapiga sakafu, karatasi ya risiti inachakarisha. Simu ikaita. Mwenyekiti wa kamati, safi kabisa, kila herufi mahali pake: bendi inataka nusu ya fedha kabla ya Ijumaa.

Basi ndugu msomaji, kama masikio yako yanasikia, yaache. Futa kwa nje na kitambaa ukitoka kuoga, inatosha. Yakiziba, jaribu mafuta kwanza, ukiwa na hakika kwamba kiwambo ni kizima. Yakiuma, yakitoa usaha au damu, nenda kwa daktari. Na usikivu ukipotea ghafla huku kichwa kinazunguka, nenda siku hiyo hiyo, maana si kila kuziba ni nta. Wahenga walisema kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni. Wewe si kenge. Rudisha huo ufunguo kwenye pikipiki.