Mwongozo kwa Kwenzi Kijana: Namna ya Kulea Makinda Wasio Wako

Kwenzi kijana wa Kiboriloni, wewe ambaye jicho lako bado jeusi na halijapauka kama la wakubwa, mwongozo huu ni wako. Mbawa zimekomaa, tumbo limeanza kushika rangi ya chungwa, makombo ya pembeni mwa soko la mitumba unayajua yote, na mvua zimekaribia. Mwaka huu huna mwenza wala kiota. Jirani kwenye mti wa miiba kuna makinda wanaolia njaa, na mdomoni una panzi. Ummeze, au uwapelekee?

Anza na hesabu. Mwaka 1964 Mwingereza W. D. Hamilton alionyesha kwamba tabia ya kusaidia huweza kuenea kizazi hadi kizazi iwapo kiwango cha undugu, kikizidishwa kwa faida anayopata anayesaidiwa, kinazidi hasara ya msaidizi. Mdogo wako wa baba mmoja mama mmoja mnachangia nusu ya jeni, kama ambavyo ungechangia na mwanao wa kumzaa. Mtoto wa ndugu yako, robo. Binamu, sehemu moja ya nane. Wengi wanaoisimulia kanuni hii huishia kwenye undugu na kuziacha faida na hasara, na hapo ndipo wanapoipotosha. Ndugu wa damu aliyeshiba hahitaji panzi wako.

Ukishajua undugu, pima hasara, maana hiyo hutegemea kama una pa kwenda. Mlimani jambo hili linaeleweka haraka: kwa desturi ya Wachagga mtoto wa kiume wa kwanza hutengewa kihamba chake, yaani shamba la migomba la nyumbani, wa mwisho hubaki na cha wazazi, na wa katikati, migomba ikishajaa kila mahali, huangalia pengine. Kwa ndege, anayekosa nafasi ya kuzaa hapotezi kingi akibaki kusaidia. Muulize mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe. Heinz-Ulrich Reyer alimfuatilia Kenya, kwenye Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha, akakuta madume ni wengi kuliko majike, na vijana waliokosa mwenza wakiwavulia samaki wazazi wao. Naivasha, ambako chakula kilipatikana kwa urahisi, msaidizi asiye ndugu alifukuzwa. Victoria, penye mawimbi na samaki wadogo, wazazi wawili hawakuweza kuwashibisha makinda, kwa hiyo mgeni alikaribishwa. Naye mgeni hakuja kwa huruma tupu: mwaka unaofuata aliweza kumpata jike yuleyule awe mwenza wake. Ndege ni walewale, ila ziwa limebadilika na hesabu ikabadilika nalo.

Jihadhari na baba. Hapa nakusihi usikilize, kwa sababu hakuna sehemu ya elimu hii inayonigusa kama hii. Karibu na Nakuru, kwenye kingo za udongo za Bonde la Ufa, keremkerem wa paji jeupe huchimba mashimo na kuishi kwa koo. Stephen Emlen na Peter Wrege waliwafuatilia kwa miaka mingi, na mwaka 1992 wakachapisha walichokiona. Kijana ameoa, ameanza shimo lake. Baba anakuja. Anajibanza mlangoni asipite. Kijana akimletea mkewe mdudu, baba anaingia katikati. Siku zinakwenda hivyo hadi kijana anaacha shimo lake na kurudi kulisha wadogo zake. Kwa baba hesabu iko wazi: wanawe ni nusu, wajukuu ni robo. Kijana naye hapigani sana, kwa kuwa kwake wadogo zake ni nusu, na wanawe wangekuwa nusu vilevile. Ukoo unaoshirikiana una mvutano ndani yake, na anayeusifia ushirikiano akiuficha mvutano huo hajawaangalia ndege.

Sasa turudi kwa jamii yako. Kule Mpala, Laikipia, Dustin Rubenstein na wenzake wamewafuatilia kwenzi wa aina yako tangu mwanzoni mwa karne hii. Kundi lenu lina jozi kadhaa zinazozaa, na ndani yake wamo wahamiaji kutoka makundi mengine, hivyo usidhani kila unayelala naye mti mmoja ni wa damu yako. Wala usitegemee sikio: mlio mnaoutoa mkiruka hutambulisha kundi na ndege mwenyewe, lakini undugu hautambulishi. Tena mnaishi mahali ambapo mvua haina ahadi. Mwaka 2007 Rubenstein na Irby Lovette walilinganisha jamii za kwenzi wa Afrika, wakaona kwamba malezi ya pamoja yamezoeleka zaidi kwa wale wa savana, ambako masika ya mwaka huu hayakuambii lolote kuhusu yajayo. Mvua zikikata wadudu nao hupungua, na jozi iliyo peke yake huelemewa.

Kwa hiyo walishe ndugu kwanza. Ndivyo wenzako wa Mpala wanavyofanya. Kisha mchague asiye ndugu na umsaidie hata kama ndugu wapo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, yaliyojengwa juu ya misimu 40 ya kuzaa kati ya 2002 na 2021, yalionyesha kwenzi wakimsaidia mwenzao fulani asiye wa damu, na miaka baadaye nafasi zikibadilika: aliyelishiwa makinda anakuwa mlishaji, na mlishaji ndiye mwenye kiota. Usidai malipo vuli hii, wala masika yajayo. Inawezekana deni likapita misimu kadhaa kabla ya kurudi, na mtafiti aliyekaa msimu mmoja angeondoka na daftari linalosema kwamba unamlea mgeni bure.