Baba Mkwe Ahamia Ukutani

Ndugu yangu mwenye familia, wewe unajua: mazungumzo yakianza na "Baba Zuhura, naomba meza ya sebuleni kidogo," hiyo meza umeshaipoteza. Yangu ilichukuliwa na marehemu baba mkwe.

Picha yake tunayo moja tu. Alipigwa ujanani, studio ya Bagamoyo mjini, nyeusi na nyeupe, kanzu imenyooka, kofia ya viua ameiinamisha kushoto. Sasa hapa Mapinga bahari ni jirani, na unyevu wa chumvi haumheshimu marehemu. Ukungu ulianzia pembeni, ukala bega, ukawa unapanda. Mke wangu, ambaye ndugu zake humwita Mama Azimio kwa kuwa hakuna kikao chake kisichotoa azimio, akaapa kwamba kidevuni haufiki.

Injinia alikuwa ameshaiokoa kwa njia yake. Huyu ni shemeji yangu, fundi simu pale Bunju. Aliipiga upya kwa simu na kuihifadhi sehemu mbili tofauti. Kwangu mimi kazi ilikuwa imekwisha. Lakini Mama Azimio alitaka kitu cha kushikika, kwa sababu watoto wetu hawakumkuta babu yao, na picha ya kwenye simu wanaipita kwa kidole kama tangazo. Alikuwa ameona watu wakigeuza picha zao kuwa mozaiki ya vitofali vya kuchezea, vile ambavyo watoto wote huviita lego hata kama vimetoka kwingine.

LEGO wenyewe, wenye makao Billund huko Denmark, waliuza seti za kazi hiyo mwaka 2000. Mwaka 2016 wakaleta kibanda: unaingia, unapigwa picha, unatoka na vitofali na ramani ya kupanga sura yako. Rangi zilikuwa 5: njano, nyeupe, nyeusi, na kijivu cha aina 2.

"Baba yangu hakuwa wa njano," akasema Mama Azimio, "wala hakuwa wa kijivu. Baba alikuwa maji ya kunde." Azimio likapita, na mimi nikahamia kula mkekani.

Injinia akaleta programu inayoikata picha kuwa miraba na kuupa kila mraba rangi moja. Bamba letu lilikuwa na vinundu 48 kwa 48, sentimita 38 na ushei kila upande. Ukitumia vitofali vidogo kabisa vya kinundu kimoja unahitaji 2,304, na nani anavyo? Mfuko wa mtumba tuliopata Kariakoo ulijaa vile vya vinundu vinne. Hivyo tukapata miraba 24 kwa 24, yaani 576. Nikauliza kama sura ya mtu mzima itaenea humo. Injinia akanijibu kwa kirefu, maana hajui jibu fupi: mwaka 1973 mtafiti wa Bell Labs, Leon Harmon, aliikata sura ya Abraham Lincoln kuwa miraba mikubwa isiyofika 300, na watu wakamtambua. "Shemeji, sisi tuna anasa," akasema.

Kilichobaki kilikuwa diplomasia. Vitofali vyeusi karibu vyote vilikuwa ndani ya ngome ya mwanangu wa pili, Fundi Bomoa, ambaye hubomoa kila kitu cha watu ila ngome yake. Alilia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mwishowe wakaandikiana mkataba na mama yake: kila kitofali kinachotoka ngomeni atakipachika yeye mwenyewe, asisaidiwe. Ndiyo maana nyusi zote mbili za babu ni kazi yake, na mgeni akifika huonyeshwa nyusi kabla ya kukaribishwa maji.

Zuhura, mkubwa wao, akawa msoma ramani. Anasoma mistari kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, "Mstari wa tisa, nyeupe tatu, nyeusi mbiliii," na nyumba nzima inamfuata. Wa mwisho ndiye Kimbunga. Jina hilo tulimpa mapema. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopiga upande wa Mafia, majirani walikuja kututania kwamba sisi wetu tunamlisha. Basi asubuhi moja tukaamka babu hana jicho la kulia. Jicho lilikuwa injini ya treni, treni ilikuwa chini ya banda la kuku, na jogoo alikuwa juu yake akilinda. Aliyetumwa kulifuata unamjua.

Kisha rangi ikatukwamisha. Mfuko mzima una wekundu, buluu na njano ya kutosha kupamba harusi, lakini kahawia ya maji ya kunde haimo. Ya kiatu imo kidogo, tukaimaliza kwenye kivuli cha shingo. Mashavu yakabaki matupu juma zima, na Mama Azimio akawa anapita hapo mezani haongei na mtu.

Aliyetuokoa ni Zuhura. Alikumbuka Flipflopi, dau la Lamu lililojengwa kwa taka za plastiki na kuvikwa ndala zipatazo 30,000 zilizookotwa, ambalo mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. "Baba, kama wao wamejenga dau, sisi tunashindwa mashavu?" Tukateremka ufukweni. Bahari ya Mapinga inatupa ndala za kila rangi: kahawia iliyopauka, kahawia ya asali, ya tende. Tukaziosha kwa sabuni, Injinia akazikata miraba ya milimita 16, saizi ileile ya vitofali vyetu, tukazibandika kwa gundi. Mashavu ya mzee yakawa na uhai.

Ndipo akaja Bibi Kaole, mama mkwe, jina kwa heshima ya alikozaliwa. Akavaa miwani, akainama hadi pua iguse bamba.

"Mkwe wangu, huyu nani?"

"Ni mzee, mama."

"Mzee gani mwenye pua ya ngazi?"

Mama Azimio akakimbilia jikoni. Bibi akatoka kwenda kutawadha, akavua miwani, akageuka mlangoni, na birika likasimama hewani. "Wee! Kofia ameiinamisha vilevile!" Harmon alilionyesha hilo pia: kingo kali za miraba ndizo zinazolisumbua jicho, ukienda mbali au ukitazama kwa ukungu, kingo zinayeyuka na sura inajitokeza. Bibi hakungoja maelezo ya Injinia. Alisema kwao Kaole wazee walipachika bakuli za kaure za Uchina kwenye nguzo za makaburi, kwa hiyo heshima ya marehemu kupambwa kwa vipande anaielewa. Ila sikio la kushoto tumelidhulumu, lilitokeza. Likafumuliwa usiku uleule. Alituelekeza akiwa mlangoni, bila miwani, akisimulia jinsi sikio hilo lilivyomvutia siku ya posa, habari ambayo hata Mama Azimio alikuwa hajawahi kuisikia.

Ikaja hoja ya kuitundika. Vitofali vya LEGO tangu mwaka 1963 ni plastiki ya ABS, na chumvi ya bahari haiwezi kuila. Lakini jua likiipiga muda mrefu, nyeupe inageuka njano, na kanzu ya mzee haiwezi kugeuka njano. Ukuta wa sebuleni usiofikiwa na jua ni mmoja, ule wa televisheni. Mpira sasa naangalia kwa jirani.

Lakini nikuambie ninachokiona. Fundi Bomoa anasimama mbele ya kioo akilinganisha nyusi. Kimbunga, ambaye hajajua kusema vizuri, anagusa shavu la ndala na kusema "babu." Picha ile ya studio ilikaa kabatini miaka yote na hakuna mtoto aliyeiuliza swali, huyu wa ukutani wanamgombania ni nani aliyempa kidevu.

Na Bibi Kaole ameleta picha yake mwenyewe, ya rangi, amejitanda kanga nyekundu yenye korosho nyeupe. Anataka akae kulia kwa mumewe. Jumamosi tunaanza, na lori jekundu la Fundi Bomoa limeshaandikiwa mkataba.